Mtu Wangu Yuko Chini

Kahama, Jumapili

Hii kamba imenitesa wiki nzima. Mchimbaji wa gemu ninayoitengeneza anashuka shimoni amenyooka kama mzigo, vilevile kama kwenye zile filamu za dhahabu ambazo baba huzicheka.

Leo baada ya ibada baba alinisomea Ayubu, kitabu nilichodhani ni cha majipu na malalamiko tu. Kumbe wachimbaji wamo! Wananing'inia mbali na watu, wanabembea. Baba, aliyechimba dhahabu Rwamgasa miaka mingi, akasema, "Aliyeandika haya alishawahi kuchungulia shimo."

Miaka yote hiyo tangu Ayubu, na kamba ni ileile.

Nikaandika upya programu, kamba ikabembea. Nikampa baba simu. Akamshusha yule mtu polepole, ameuma midomo, mpaka chini.

"Haya, mpandishe."

Nikamwambia sehemu ya kupanda sijaiandika. Nilidhani kushuka ndiyo mchezo wenyewe.

"Mwanangu, mshika kamba haondoki mtu akiwa chini."

Simu hajanirudishia. Amekaa nayo sebuleni, ameichomeka chaji isije ikazima. Naishia hapa, nikampandishe mtu wake.