Baiskeli ya Baba

Jumamosi

Kwa nini sikusema tu kwamba ni ya baba?

Tulikuwa tumepumzika kwangu, mimi na wenzangu wa kazini ninaoendesha nao baiskeli. Baba alikuwa ameketi mlangoni, amefika leo kutoka kijijini kwetu Zagayu na kiroba cha viazi vitamu. Wenzangu waliisifu baiskeli yangu ya gia: fremu ya zamani, rangi mpya, gia na breki nilizobadilisha mwenyewe.

"Fremu kama hii uliipata wapi, dada?" Neema akauliza.

"Mwanza. Kuna mzungu alikuwa anahama, akaniuzia."

Ilitoka kirahisi hivyo. Na baba anasikia! Yeye aliyebeba pamba kwenye baiskeli hiyo miaka yote niliyosoma, akanipa nilipoajiriwa, akabaki kutembea kwa miguu. Niliona aibu juu ya kandambili zake, labda. Sijui.

Neema akamgeukia. "Mzee, binti yako anajua kuchagua."

Baba akaitazama baiskeli, kisha akanitazama mimi.

"Anajua," akasema. "Chuma hicho hakivunjiki."

Walipoondoka nikajificha jikoni, naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilipotoka nilimkuta baba ameinama, anaminya breki.

"Zamani ilikuwa haisimami kwenye mteremko," akasema. "Sasa inashika?"

"Inashika, baba."

"Vizuri, ng'wanone, mwanangu. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi."

Nilitaka kupiga magoti palepale nimwombe radhi. Nikaenda kumchemshia maji ya kuoga.