Ukuta Wenye Homa

Chumba cha Tatu,
Nyuma ya Ghala la Forodha.
Jumanne, saa tisa mchana.

Mpendwa Kaka,

Sasa hivi Kidoti ametoka kulaza shavu ukutani, akaniambia, "Mama, ukuta una homa." Kisha akaufunika kwa kanga yangu, kama ninavyomfunika yeye akiugua.

U mzima lakini? Na kile kifua kimeachia? Sisi afya tunayo, na Kidoti ana maneno ya kunimaliza.

Kaka, ng'ambo ya ukuta huo kuna marobota ya pamba. Mwenye mali aliandika kuwa ni taka za kinu cha pamba, zilizofagiwa sakafuni tu. Ofisa wa forodha akachomoa kidogo, akasugua vidoleni, akasema hizi si taka, ni zile nyuzi fupi zinazonyolewa kwenye mbegu, na ushuru wake ni mwingine. Wakabishana mpaka mate yakawakauka. Mlango ukapigwa lakiri hadi maabara ijibu. Huu ni mwezi wa pili umefungwa.

Tangu wiki iliyopita, nguo nikizitundika upande ule zinakauka bila jua. Panya wamehama mchana kweupe, mmoja nyuma ya mwenzake, wala hawakukimbia. Nikitega sikio nasikia kama mtu anayetafuna polepole. Moshi hakuna. Ndipo nikakumbuka ulivyonieleza ulipokuwa fundi kinuni, kwamba robota lililofungwa na unyevu huungua kwa ndani siku nyingi, kimya, likingoja hewa liwake.

Shemeji yako ni kuli wa ghala hilohilo. Akigusa lakiri, kazi hana na jela anayo. Basi nikamfuata ofisa mwenyewe. Akacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa maabara. Nikamwambia, "Baba, njoo uweke mkono tu. Mwanangu analala pale."

Leo amekuja. Ameweka kiganja, akakitoa upesi, akakitazama. Nikamsihi aite zima moto kwanza, asifungue kabla hawajafika. Akaitikia kwa kichwa, akatoka bila kuaga. Moyo umetua kidogo.

Msalimie wifi, na Bibi umwambie kitukuu chake kinamwamkia. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, usiku na mchana.

Ngoja, Kaka, shemeji yako ananiita kutoka uani. Anasema wamekata lakiri, gari la zima moto halijafika, nimtoe Kidoti hivihivi bila viatu, nami nilitaka kwanza niku