Saa Moja ya Ziada

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekuwa mtu maarufu! Leo nimeisikia sauti yangu mwenyewe mara nne barabarani. Wageni wamesimama mbele ya gereza la zamani, hedifoni masikioni, na sauti inayowasimulia habari za wachawi na wachemsha chumvi wa Pitfarrow ni yangu mimi, Netta Buchan. Matembezi ya kusikiliza kwenye simu, vituo kumi na viwili. Yote nimeyarekodi kabatini, katikati ya makoti, majira mazima ya baridi.

Ila kuna kitu kimenikaa vibaya. Mchana, mgahawani kwa Ishbel, aliingia Mjerumani mmoja suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa anatoka kanisa la mwambani, lile linalozungukwa na bahari maji yakijaa. Ishbel akamchokoza — baba, hukumsikiliza shoga yangu kwenye simu alivyokuonya? Yule akasema amesikiliza neno kwa neno. Mgahawa mzima ukacheka. Nami nikacheka. Chai nikaiacha nusu.

Jumanne, 15 Aprili

Si kitu. Mtu akizubaa kupiga picha, maji hayamngoji.

Sikulala vizuri.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda ukuta wa bandari na darubini ya Baba. Nikasimama kituo cha kumi, nikabonyeza simu. Sauti yangu, tamu kama ya mtangazaji: leo njia ya mawe ya kwenda kanisani ni salama hadi saa nane.

Saa saba na dakika kumi maji yalikwisha ingia pale katikati, njia inapobonyea. Saa saba na nusu hakuna njia. Hakuna!

Nimerudi mbio, mwanamke wa miaka sitini na nane, nikafungua kitabu cha maji, chenye saa za kujaa na kupwa za mwaka mzima. Baba alikuwa msimamizi wa bandari miaka thelathini, na wimbo wake ulikuwa mmoja: kitabu hakijui kwamba nchi nzima tumesogeza saa zetu mbele kwa ajili ya kiangazi, Netta, mwisho wa Machi ukipita ongeza saa moja. Basi nimeongeza. Siku mia moja themanini na tatu, Aprili hadi Septemba, kila siku nimeongeza moja. Na ndani ya jalada, kwa herufi za kupofua macho, wameandika: saa ya kiangazi imekwisha ongezwa. Wachapishaji wapya mwaka huu. Mtoto yeyote wa mahali pengine angesoma kwanza. Mimi sikusoma. Mimi nilijua.

Kanisani kwenyewe mtu yuko salama, maji hayafiki. Kurudi ndiko kunakoua. Mkondo wa pale katikati ulimchukua farasi na mkokoteni wake, Baba akiwa kijana.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo: naogopa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimewapigia wale wenye programu ya simu. Mashine imenijibu: wamefunga kwa Pasaka, watarudi Jumanne. Wao tu ndio wanaoweza kufuta.

Nikaenda kwa Bwana Lumsden, mwenyekiti wa kamati. Nilitoka nyumbani nimeazimia kusema. Kufika mlangoni nikageuza maneno. Maana ni yeye aliyetaka mtu wa pili ahakiki zile saa, na ni mimi niliyemjibu mbele ya kamati nzima kwamba binti wa Wattie Buchan hafundishwi maji na mtu wa kuja kutoka Edinburgh. Walipiga makofi!

Nikamwambia eti sauti ya kituo cha kumi ina mikwaruzo, tukifunge. Akacheka. "Usijishushe, Bi Netta. Hicho ndicho wanachokipenda kuliko vyote. Tutalizungumza Jumanne kwenye kikao."

Nikasema sawa. Nikasema asante! Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimeandika kibao: NJIA IMEFUNGWA. Nimekifunga kwenye nguzo ya kituo cha kumi, kisha nikasimama pembeni yake mpaka maji yakafunika mawe. Upepo wa mashariki. Nimewarudisha watu kumi na mmoja. Baba mmoja wa Glasgow aliniuliza nimeajiriwa na nani, nikasema na Mungu. Akamwambia mkewe twende zetu, bibi huyu hayuko sawa.

Ishbel aliniletea mkate wa Pasaka wa moto, ule wa msalaba. Akaniangalia sana. "Shoga, una nini? Umekonda kwa siku tatu." Nikasema mafua.

Siku nne tu. Nisimame siku nne, halafu Jumanne nitasema.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandikia hapa kwenye ukuta wa bandari, nimesimama. Walinzi wa pwani wamenitaka niandike kila ninachokiona na saa yake. Sina karatasi nyingine mkobani ila hii.

Leo mwisho halisi ni saa tisa. Simu inasema saa kumi. Nimesimama hapa tangu saa saba, na nikawaambia waliovuka warudi mapema, wakarudi wote. Saa tisa kasorobo niliona hakuna mtu. Nilikuwa nimebanwa na mkojo, na baridi imeniingia mifupani. Nikakimbia nyumbani, choo na koti zito, basi. Dakika ishirini na tano.

Nimerudi, kibao hakipo. Ishbel akatoka mlangoni kwake: Bwana Lumsden amekichukua, anasema watoto wa mjini wanafanya mzaha. Kisha akasema, "Nimewauzia vimkate vya skoni wawili wapenda historia, mume na mke wa makamo, wanakwenda kanisani. Niliwauliza kama wana muda. Wakasema wewe umewapa hadi saa kumi."

9:15 — wamekwisha vuka. Wako kwenye ukuta wa kanisa, upande huu. Koti jekundu, koti la kijani. Maji yameanza kupita katikati.

9:20 — nimepiga simu ya dharura. Boti ya uokoaji inatoka mji wa pili, dakika thelathini. Binti wa walinzi wa pwani aliyepokea akasema, "Mama, usiingie majini. Umenielewa? Bora wabaki walipo." Kisha akauliza nani aliwaambia wanaweza kukaa mpaka saa kumi.

Nikasema mimi. Nimekosea hesabu, ni mimi. Ishbel alikuwa ubavuni, amesikia yote. Amenishika mkono mpaka sasa, ndiyo maana mwandiko ni huu.

9:30 — tumepiga kelele. Tumepunga shali ya Ishbel. Koti jekundu ametuona. Ametupungia mkono, kwa furaha! Wana hedifoni masikioni. Wanamsikiliza Netta.

9:35 — Lumsden amekuja mbio na kibao mkononi. Nimemwambia yeye pia. Amekwenda kupiga kengele ya kanisa kubwa. Inalia sasa. Wale wawili wamegeuka kutazama mnara, mmoja anaupiga picha.

9:40 — boti haionekani. Katikati maji ni ya kiunoni kwa macho yangu, na yanakwenda. Wamekaa tu, wanakula. Kaeni. Kaeni hapo hapo, kuleni mpaka Jumatatu!

Mungu wangu, lile onyo. Kila siku niliweka onyo lijisemee lenyewe hedifonini robo saa kabla ya muda wa simu kwisha. Nakumbuka nilivyolisema, polepole, kwa tabasamu, ili wazee wasihangaike: sasa ndugu msikilizaji, anza kurudi, huna haja ya kukimbia.

9:44 — Ishbel anapiga mayowe mpaka sauti imekauka. Mimi yangu imeisha.

9:45 — wamesimama. Koti la kijani anakunja karatasi ya skoni, anaitia mfukoni. Koti jekundu ameinama, anavua viatu.