Sarafu ya Baba

Jumapili, 2 Novemba

Mwanangu Daniel anaota meno. Ibada nzima nimesimama naye mlangoni mwa kanisa. Mgongo umekwisha. Nyumbani Rissne, hapa Stockholm, nimepika bugali na dagaa wa ndakala, nimekunja nguo, ndipo Baba Mkubwa akapiga simu kutoka Jakobsberg.

Jumamosi tunamaliza matanga ya Baba. Mwaka umetimia. Baba Mkubwa ndiye kaka yake, kwa hiyo yeye atasimama kusimulia maisha ya marehemu. Ndiyo desturi yetu. Akanieleza alivyopanga: kuzaliwa Uvira, kwetu Kongo, ualimu Uvira, vita, kambi. Halafu kifo.

Nikauliza, na Sheffield?

"Mtoto wangu, ya Sheffield tuyaache. Tusiwape watu la kucheka."

Utoto wangu wote uko Sheffield. Kaburi la Baba liko Sheffield. Eti tuyaache.

Jumatatu, 3 Novemba

Najua anachokionea haya. Visu.

Baba alifundisha Uvira, lakini Uingereza alipata kazi ya kung'arisha visu kwenye karakana. Siku ya harusi yangu hapa Stockholm alileta viwili, kikubwa na kidogo, amevifunga kwenye kitambaa. Akaninyooshea mbele ya wageni wote. Nilipotaka kupokea, akarudisha mkono.

"Nipe sarafu kwanza."

Sarafu! Nani hapa anatembea na sarafu? Tunalipa kwa simu. Watu wakapekua mifuko. Shemeji yangu akatoa kile kiplastiki cha kufungulia toroli dukani. Baba akakataa. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mwishowe mpiga kinanda akapata moja kwenye koti lake, akanipa. Baba akaipokea kutoka kwangu, akanipa visu, akaenda kukaa. Hakueleza. Baba hakuwa mtu wa kujieleza.

Baba Mkubwa alimwambia pale pale: "Unamuuzia mtoto wako zawadi? Wazungu wamekuharibu." Hawakuongea tena mpaka Baba akafa.

Mimi niliumia. Sikuwahi kumuuliza Baba kwa nini.

Jumanne, 4 Novemba

Mwanangu mkubwa, Asifiwe, ameitazama picha ya Baba akiwa mlangoni mwa karakana, aproni nyeusi, uso wa vumbi. Akasema kwa Kiswidi kwamba babu ni mchafu. Nikamwambia aseme kwa Kiswahili. Akasema. Nikamwambia, si uchafu huo, ni kazi, na hiyo kazi ndiyo iliyonilea. Usirudie. Akaja kunilalia mapajani.

Ana miaka sita. Jumamosi asiposikia habari za Sheffield, babu yake atabaki uso mchafu kwenye picha.

Kuna ukurasa kwenye simu ambapo watu wa Sheffield huandikiana kumbukumbu. Mitaa iliyobomolewa, mabomba ya moshi, karakana zilizofungwa. Nausoma kila siku nikienda kwenye kazi yangu ya usafi. Sijawahi kuandika. Leo ndani ya treni nimeweka picha ya Baba na jina la mtaa. Nikauliza kama yupo anayemkumbuka.

Jumatano, 5 Novemba

Wapo!

Mama mmoja kaandika kuwa mama yake alisugua vijiko mtaa huohuo, kajifunga karatasi za kaki ili nguo zisichafuke. Mwingine anakumbuka Mwafrika aliyepita asubuhi akiimba. Kisha mzee mmoja, aliyekaa mashine ya pili kutoka kwa Baba. Anasema walimwita Mwalimu. Saa ya chakula aliketi juu ya ndoo, akawafundisha kuhesabu kwa Kiswahili. Mzee kaandika moja mpaka kumi. Kakosea saba tu.

Na mwishoni ameuliza: yule binti alitoa sarafu?

Kwao, anasema, ukimpa kisu unayempenda bila yeye kutoa sarafu, kisu kitakata upendo wenu. Yeye ndiye aliyemwambia Baba. Baba aliogopa sana, akarudi kuuliza mara nyingi: sarafu yoyote inafaa? Lazima itoke mkononi mwake?

Nimelia kwenye treni mpaka nikapita kituo changu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempigia Baba Mkubwa. Nimemsomea yote.

"Mambo ya Wazungu hayo."

"Na sisi, Baba Mkubwa? Mtu akikupa kisu unakipokea mkononi?"

"Hapana. Anakiweka chini, wewe unakiokota."

"Kwa nini?"

"Ili msigombane." Akakohoa. "Lakini nitasema nilivyopanga."

"Basi nitasimama mimi."

"Wewe? Mtoto? Mbele ya wakubwa?"

"Mtoto wake. Unisamehe, Baba Mkubwa, lakini nitasimama."

Amekata simu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekata vitunguu na nyama ya kesho kwa kisu kikubwa. Bado ni kikali. Baba Mkubwa hajapiga. Naogopa. Nitasimama.

Jumamosi, 8 Novemba

Baba Mkubwa kasimulia Uvira vizuri sana, hata mimi nimejifunza. Vita. Kambi. Nikaanza kuinuka, Daniel mgongoni. Aliponiona, akanyamaza. Nikadhani atanifukuza.

"Yaliyobaki siyajui," akasema. "Sikumuuliza. Binti yake anayajua."

Akakaa.

Nimesema yote. Vumbi, ndoo, moja mpaka kumi, sarafu. Mama mmoja nyuma akapaza sauti: "Kumbe! Na sisi tukamwita bahili!" Wengine wakacheka, wengine wakafuta macho. Asifiwe alikaa mbele, hakutikisika. Baba Mkubwa alitazama viatu vyake.

Jumapili, 9 Novemba

Baba Mkubwa amekuja bila kupiga simu. Amekunywa chai. Akaomba kukiona kile kisu kidogo. Nikakiweka mezani.

Nikamwambia, kichukue, Baba Mkubwa, kiwe chako.

Hakukigusa. Akatoa sarafu kwenye pochi, akaiweka kando ya kisu. Anasema ameisaka tangu asubuhi, dukani walimshangaa. Asifiwe naye akauliza ni kitu gani hicho.

Nikachukua sarafu. Naye akachukua kisu.

Akakaa nacho mapajani mpaka chai ya pili ikapoa.

Sarafu iko dirishani, mbele ya picha. Asifiwe nimemkataza kuichezea. Daniel jino limetoka.