Sauti Ile Ile

Jumatatu, 3 Juni

Leo bosi ametuonyesha filamu mpya ya punda. Wameitengeneza upya tangu mwanzo hadi mwisho, na sisi tutaiingizia sauti za Kiswahili, kama studio hii ilivyofanya kwa ile ya kwanza nilipokuwa darasa la pili. Hadithi haijabadilika: babu na mjukuu wanamfuata punda wao aliyeuzwa, wamrudishe nyumbani. Ila sasa punda anaongea! Ebo! Katika ile ya zamani punda alikuwa punda. Anakutazama tu, na wewe unalia. Huyu wa kompyuta ana meno meupe kama mtangazaji na hafungi mdomo.

Halafu bosi akatoa lake. Anamtaka baba. Sauti ya babu katika ile ya kwanza ilikuwa ya baba yangu, na mpaka leo akiuliza bei ya nyanya watu wanageuka. Bango litaandikwa SAUTI ILE ILE. Mimi ndiye msimamizi wa sauti, kwa hiyo mimi ndiye nitakayemwongoza. Nilikubali kabla bosi hajamaliza kusema. Kichwa kilinivimba, nisijidanganye.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia baba. Alikuwa anakata kucha za miguu. Akaweka wembe chini, akauliza kama namtania. Nikasema ni kweli. Akasimama katikati ya sebule, mguu mmoja peku, akaitoa ile sentensi ambayo babu anamwambia punda darajani: "Twende zetu, mzee mwenzangu. Nyumba haijatuchoka." Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi, machozi yanamlengalenga. Mimi pia. Lakini nilisikia kitu — sauti imekuwa nyembamba, ina mkwaruzo. Nikajitia hamnazo.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwanza ya baba studio. Amevaa koti. Koti! Na kile chumba cha kurekodia kina joto la tanuri.

Kasuku alimwamkia kwa adabu zote. Kasuku ndiye anayeingiza sauti ya punda. Tunamwita hivyo kwa sababu anaweza kumwiga mtu yeyote. Akamwambia baba kwamba kazi hii alijifunza kwake, utotoni, akimwiga mbele ya televisheni ya jirani. Baba alicheka, akasema basi leo nikikosea, mwanangu, usinisahihishe mbele ya watu.

Halafu kazi. Zamani walirekodi wote pamoja, kundi zima limezunguka maikrofoni moja. Ukitaka kupaza sauti unarudi nyuma, ukitaka kunong'ona unasogea. Siku hizi unaingia peke yako, maikrofoni iko puani, na hutakiwi kusogea hata kidogo. Baba anasogea. Kila akifika kwenye neno zito anarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta, na sauti inapotelea huko. Mara ya kwanza nilimweleza kwa upole. Mara ya pili pia. Baadaye uvumilivu ukaniishia, nikabonyeza kitufe nikasema, "We mzee, si nimekwambia usisogee!" Kwenye spika, wote wakisikia. Baba yangu! Akavua vile visikilizio, akavivaa tena, akasema, "Samahani, mama." Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 12 Juni

Leo tumeziweka filamu mbili sambamba, pale darajani. Katika ya zamani punda anagoma katikati ya daraja, babu ananyamaza, upepo tu unasikika, ndipo anasema. Baba alikuwa na nafasi ya kupitisha mkokoteni mle. Katika mpya punda anapiga porojo mpaka daraja linakaribia kuisha, na babu anabakiziwa nafasi ya kupenga kamasi. Midomo ya mwigizaji inakimbia. Babu wa kwenye picha ameshafunga mdomo, baba bado yuko kwenye "haijatuchoka".

Bosi alikuna shingo. Akaniuliza, kama msimamizi na siyo kama mtoto wa mtu, hii inafaa? Nikasema haifai. Wala sikusita.

Tukamwita Kasuku ajaribu. Alikataa. Nikamwambia ni mfano tu. Akajaribu — Mungu wangu! Baba wa utoto wangu, mzima mzima, katika mdomo wa kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. Maneno yamekaa kwenye midomo sawasawa. Bosi akapiga meza. Kwa hiyo sasa babu na punda watabishana filamu nzima, na wote wawili ni Kasuku.

Mabango yameshachapwa. Bosi kasema jina la baba linabaki.

Alhamisi, 13 Juni

Njia ipo. Nimeifikiria nikiwa naoga. Maikrofoni ya pili kule ukutani, baba aachwe atembee anavyotaka, na ile sentensi niifupishe mwenyewe. Siku mbili tu zingetosha. Nilipiga moyo konde nikaenda mpaka mlangoni kwa bosi. Nikamkuta yuko kwenye simu, anamsifia mtu kwamba msimamizi wake akiwa kazini hajui undugu. Nami nikafurahi! Niiandike kama ilivyo: nilisimama pale mlangoni nikafurahi. Kisha nikarudi mezani kwangu.

Jioni baba aliuliza anarudi lini kumalizia. Nikasema, umeshamaliza, baba. Akasema, haraka hivyo? Basi bado sijachuja.

Ijumaa, 14 Juni

Sikumwambia.

Jumapili, 23 Juni

Baba amealika mtaa mzima kwenye uzinduzi. Fundi viatu, mama wa duka la dawa, hata yule jirani waliyenuniana naye kwa ajili ya ukuta. Anawaambia: ile ya kwanza mlisikia kijana anajifanya babu, sasa njooni msikie babu mwenyewe. Na kila baada ya maneno mawili, binti yangu ndiye aliyenirekodi. Nilitaka kusema pale pale. Dada akaniuliza mbona sili. Nikasema meno.

Jumamosi, 29 Juni

Naandika chooni. Choo cha ukumbi wa sinema, kwa penseli ya nyusi.

Nilikaa katikati, baba kulia, dada kushoto. Ukumbi umejaa watoto. Babu alipofungua mdomo nilifumba macho. Baba akaniminya mkono. "Sikia," akaninong'oneza. "Sikia nilivyo." Anajisikiliza! Hajui! Nilijiuliza mtu anawezaje kutoijua sauti yake. Lakini ni yake, ya miaka ile, na pengine ndiyo anayoisikia kichwani mwake kila siku. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa furaha hii sikujiandaa.

Watoto walicheka na punda mpaka wakapaliwa, na lazima niseme ukweli, kwenye ile ya zamani wangelala. Darajani baba alinisogelea. Kisha akauliza taratibu, ile niliyokuwa nakosea, mliirekebisha vipi? Nikasema, "Mashine, baba." Akasema, mashine za siku hizi! Akanipigapiga mkono.

Filamu ilipoisha mshereheshaji akapanda jukwaani. Yeye hajui lolote, hakuna aliyemwambia. Akatangaza kwamba mzee mwenye sauti ile ile yupo ukumbini, apande atuambie maneno ya darajani, moja kwa moja, tusikie kwa masikio yetu. Watoto wakaanza, "Babu! Babu!" Baba akafunga kifungo cha koti. Bosi alikuwa anatazama viatu vyake. Kasuku, mstari wa mbele, alikuwa ameshainama. Mimi nikakimbilia huku.

Spika zinafika mpaka chooni. Namsikia baba akikohoa. Kumetulia.

Hasemi. Kwa nini hasemi?

Dada anagonga mlango. Baba amekataa kuanza. Amewaambia watu kwamba bila binti yake hatoi hata neno moja, niende nisimame naye tupigiwe makofi pamoja. Watoto sasa wananiita na mimi. "Toka basi," dada anasema, "unamwaibisha baba."

Nimesema nakuja.