Bifuniko bya Ilunga

Kazi moya (Jumatatu), tarehe 3 mwezi wa tatu
Nimemaliza kushona nguo ya jirani. Asubui nilitia kifuniko changu ku mbao ya muchezo wetu, nikamutumia mudogo wangu Ilunga mesaji: safu ya tano, kando ya ukuta. Vile tunafanyaka kila siku. Yeye iko anachimba madini kule upande wa Kilwa yetu ya bara, mimi niko nashona hapa mujini, mu mutaa wa Kenya. Muchezo alitunga mwenyewe. Mbao mbili sawasawa, moya yangu, moya yake. Bifuniko bya chupa, byeupe na byeusi. Kifuniko chenye kukosa njia ya kufika ku mulango, kule mwisho wa mbao, kinakuwa mu shimo, kimefungiwa. Lakini mwenzako hawezi kukitosha, kukiondoa pale. Mwenyewe njo anakipindua, akikubali kwamba kimekufa.
Akanijibu mimi mukubwa wake: "Yaya, leo unanionea. Kesho utalia."

Kazi mbili, tarehe 4
Nilimufungia! Bifuniko byake bine, puu, mu shimo. Nilicheka peke yangu juu ya mashini. Nikatuma mesaji, nikangojea kelele zake.
Mangaribi, bado hajajibu. Rezo ya telefoni kule ni mbaya, tuache.

Kazi tatu, tarehe 5
Hakuna kitu. Mvua usiku kucha. Telefoni yake imefungwa. Ya rafiki yake Mwape nayo imefungwa. Banachimbaka pamoja, beko bantu bane mu kikundi.

Kazi ine, tarehe 6
Jirani alirudi toka ku soko na habari: shimo limeanguka kule. Shimo gani? Hajui. Bantu gani? Hajui. Basi juu ya nini anasema! Nilimukasirikia sana. Kiisha sindano ikanichoma kidole.
Naogopa. Mama hajui. Iko anaimba mu jikoni.

Siku ya posho (Jumamosi), tarehe 8
Ni ujinga, najua. Lakini bifuniko bine, bantu bane. Na ni mimi nilimufungia, siku ile ile, na mukono huu. Nilitaka kurudisha kifuniko changu, nimufungulie njia. Kanuni inakataza, kilichotiwa kimetiwa. Nikanyoosha mukono, nikaurudisha, nikanyoosha tena. Nikaogopa hata kugusa.
Mama alikuja kupanguza mbao. Nikamupigia kelele kama mutoto. Ikabidi nimuambie yote, sasa anajua. Alikamata rozari yake.
Eh Ilunga, jibu. Nitukane tu.

Siku ya Mungu, tarehe 9
Misa. Sikusikia neno hata moya. Barabara ya kule imekatika, kamyo za mizigo hazipiti.

Kazi mbili, tarehe 11
Namba nisiyoijua iliita. Niliiangalia mpaka ikanyamaza. Sikuweza. Niliogopa kusikia sauti ya muntu mwingine. Mama akaninyang'anya telefoni, akapiga mwenyewe.
Ni Ilunga! Muzima! Iko njiani, juu ya kamyo. Mama analia, mimi nimekaa chini. Nikakamata telefoni, nikamuuliza Mwape iko wapi. Rezo ikakatika.

Kazi ine, tarehe 13
Amefika. Bega limefungwa kitambaa. Alikula bukari, ugali wetu, kidogo, kiisha akakaa mbele ya mbao, akaiangalia sana.
Akatosha kifuniko kimoya mu shimo, akakipitisha juu ya byangu mpaka inje ya mulango. Kanuni inakataza. Nilimuacha afanye. Akatosha cha pili. Cha tatu.
Cha ine alikigusa tu. Akakiacha pale pale, bila kukipindua.
"Tulikuwa tunamusikia Mwape anaita chini ya udongo," alisema. "Kiisha hakuita tena."
Mbao bado iko pale mezani. Mama anapanguza pembeni yake.