Kanali Khosro Mirbaha, Samaki Yako Imerudi Kwao

Baba Stéphane, bwana yangu, ni mwaka mumoja na siku kidogo sasa tangu kiti yako ya kamba ibaki pale veranda bila mutu. Naipanguza kila asubuhi.

Ulifika Katanga mara ya kwanza ungali kijana, rubani wa ndege za ONU, Umoja wa Mataifa, kule Kamina. Ukarudi kwenu Irani, ukapanda cheo mupaka Kanali. Halafu serikali ya mufalme wenu ikaanguka, wenzako wakauawa, nawe ukakumbuka huku kwetu. Mikono iliyoshika ndege ikatengeneza moteri za mashua hapa Kashikishi, ng'ambo ya ziwa. Ulipojaribu moja, wavuvi walikuchekea: "Kanali, pole pole, hii haina mabawa!" Ulicheka kuwashinda.

Juu ya vita hukusema sana. Lakini hata shati ya kazi ulipiga pasi, na chai ulikunywa na kipande cha sukari umekishika kwa meno.

Kila mwezi wa tatu ulifanya bonane ya kwenu, sikukuu ya mwaka mupya. Uliotesha ngano kwa sahani, ukaweka samaki ndogo yenye uhai ndani ya beseni ya maji, na siku ya kumi na tatu ya sikukuu ukairudisha ziwani. Chisala, mvuvi aliyekuletea, alishangaa: "Ah, shikulu, muzee wangu! Samaki ni ya kula. Mimi natoa, weye unarudisha?"

Ukamujibu: "Ndani ya nyumba hii, mumoja wetu lazima arudi kwao."

Mwaka jana ulituacha kabla siku ya kumi na tatu kufika. Watu wakajaa matanga, na shemeji Esnart, katika kutafuta mboga ya wageni, akaikaanga samaki ya beseni. Hakujua. Sikumugombeza, lakini mwaka muzima roho iliniuma: samaki ya Kanali haikufika kwao.

Mwaka huu nilimwendea Chisala mwenyewe, nikamuomba samaki ingine yenye uhai. Hakucheka. Alinichagulia yenye nguvu. Siku ilipofika nilishuka ziwani peke yangu, beseni kichwani. Maneno ya lugha yenu uliyokuwa unasema pale majini siyajui, nikaita tu jina lako. Samaki ikakaa kidogo karibu na miguu yangu.

"Enda, baba," nikaiambia. "Enda kwenu."

Ikaenda.

Beseni nimeirudisha veranda, kando ya kiti yako.

Wanaokukumbuka: mimi bibi yako Priscille, watoto wetu Stéphane wa kule Lubumbashi na Fidélie wa kule Ndola, wajukuu Mpundu na Guy, shemeji Esnart, na Chisala wa mashua.

Daima tutakukumbuka, Kanali, na mwezi wa tatu kupita miezi yote.